Sikukuu za Ajabu Duniani: Tuanze na Mwaka Kogwa

Somo letu la leo linahusu sikukuu. Hatuzungumzii Idi wala siku ya Mapinduzi, maana hizo kila mmoja wetu anazijua. Tunazungumzia zile sikukuu ambazo mgeni akiziona hushika kichwa akauliza: "Hawa watu wana nini leo?" Watu wazima wanapigana hadharani na wazee wao wanatazama tu. Watu wanatia moto kibanda walichokijenga wenyewe. Watu wanarushiana nyanya, tani kwa tani, mpaka njia inageuka mto mwekundu.

Je, huo ni upuuzi tu, au kuna maana ndani yake? Tutaanza na sikukuu ya jirani zetu. Ukitoka hapa Paje ukapita Jambiani, ukazidi kwenda kusini, unafika Makunduchi. Huko kila mwaka, katika mwezi wa Julai, hufanyika Mwaka Kogwa. Wengi wetu tumekwenda kuuona. Lakini kuona ni jambo moja, na kuelewa ni jambo jingine.

Kama mnasoma katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Kila fungu likimalizika, simameni kidogo mzungumze. Tena chukueni penseli na karatasi, kwa sababu somo hili lina hesabu.

1. MAANA YA JINA

Neno "kogwa" limetokana na "koga". Watu wa bara husema kuoga. Sisi huku tunasema koga. Basi Mwaka Kogwa maana yake ni mwaka unaokogwa. Siku hiyo asubuhi watu huenda kukoga baharini. Mtu anajisafisha mwili, na pamoja na mwili anauosha mwaka uliopita na mabaya yake. Mwaka mpya unamkuta ni safi.

Siku yenyewe huitwa Siku ya Mwaka. Jina lake jingine ni Nairuzi. Hilo ni neno la Kiajemi, na maana yake ni siku mpya.

2. MAMBO YANAYOFANYIKA

Jambo la kwanza ni vita. Wanaume wa pande mbili za mji, upande wa kusini na upande wa kaskazini, hukutana uwanjani wakapigana kwa magome ya migomba. Mgomba, kama mnavyojua, hauna mti ndani. Una maji mengi na nyuzi laini. Ukipigwa nao unaumia, lakini si sawa na kupigwa gongo. Watu wanapiga, wanakwepa, wanakimbizana, na vumbi linapanda juu.

Sasa sikilizeni maana yake. Wazee wa Makunduchi husema kwamba vita hivyo ni vya kutoa kinyongo. Katika mwaka mzima watu wanaoishi pamoja hawakosi kugombana. Huyu mbuzi wake amekula mihogo ya mwenzake. Yule amekopa na hakulipa. Mwengine amesema neno baya harusini. Maneno kama hayo yakikaa moyoni yanaoza, na yakioza yanatoa sumu. Basi inatengwa siku moja, mbele ya watu wote, kwa silaha isiyoua, watu wakamaliza hasira zao. Vita vikisha, vimekwisha. Haifai mtu kurudi nyumbani na ugomvi wa mwaka jana.

Wakati wanaume wanapigana, wanawake nao wana kazi yao. Wamevaa khanga zao nzuri, wanapita makundi kwa makundi huku wakiimba. Katika nyimbo hizo yamo mambo ya mapenzi na ya maisha, na zimo kejeli pia. Lile ambalo mtu hathubutu kulisema siku nyengine, siku hiyo analiimba. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba wanaume wanatoa ya moyoni kwa mikono, na wanawake wanayatoa kwa ulimi.

Jambo la pili ni moto. Hujengwa kibanda kidogo cha makuti. Mtu huingia ndani, kisha kibanda kikatiwa moto, na yule aliyemo hutoka mbio akiwa salama. Wazee husema maana yake ni kinga: ikiwa nyumba itaungua mwaka huo, basi asife mtu ndani yake. Moshi nao hutazamwa unaelekea wapi. Mganga anayesimamia shughuli hiyo huutumia kubashiri mwaka utakuwaje.

Jambo la tatu ni chakula na wageni. Baada ya vita na moto, watu hula pamoja, na ngoma na taarab hupigwa. Shamrashamra huendelea kwa siku kadhaa. Inasemwa kuwa si vizuri nyumba ya Makunduchi kukosa mgeni siku hiyo. Ndiyo maana ukienda, hata kama humjui mtu, utavutwa mkono ukale. Usikatae. Ukikataa unamnyima mwenye nyumba heri yake.

3. ILIKOTOKA

Nairuzi ni sikukuu ya kale ya Uajemi, nchi ambayo leo inaitwa Iran. Ilikuwako hata kabla ya Uislamu. Namna gani imefika Makunduchi?

Masimulizi ya wazee wa pwani yanasema kwamba zamani walikuja watu kutoka mji wa Shiraz, wakakaa na wenyeji, wakaoana. Mpaka leo watu wengi wa Unguja na Pemba hujiita Washirazi. Wataalamu wa historia hawakubaliani kuhusu idadi ya watu waliokuja. Lakini wote wanakubali kwamba pwani yetu na Ghuba ya Uajemi zilifanya biashara kwa mamia ya miaka. Vyombo vilikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Na chombo hakichukui bidhaa peke yake. Kinachukua na maneno, na mapishi, na hesabu za siku.

Ushahidi wa ukale wa mambo haya haupo mbali. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani mna maandishi yaliyochongwa kwenye mawe, na tarehe yake ni mwaka 500 wa Hijria, yaani mwaka 1107 wa Miladia. Ni zaidi ya miaka 900 sasa.

Makunduchi hawakuwa peke yao. Siku ya Mwaka iliadhimishwa mahali pengi katika pwani ya Waswahili. Lamu na Mombasa desturi ilikuwa kumzungusha ng'ombe mji mzima, kisha akachinjwa na watu wakala sadaka. Mahali pengi ada hizo zimefifia. Makunduchi wameishika yao mpaka leo, na kwa hilo wanastahili kupongezwa.

4. KALENDA TATU KATIKA NYUMBA MOJA

Hapa ndipo penye somo kubwa, basi tusome taratibu.

Nyumbani kwetu tunatumia kalenda zaidi ya moja, ingawa pengine hatujawahi kufikiri hivyo.

Kalenda ya kwanza ni ya ofisi na skuli: Januari, Februari, Machi, mpaka Disemba. Hiyo hufuata jua. Ina siku 365, na kila baada ya miaka minne huongezwa siku moja katika Februari.

Kalenda ya pili ni ya mwezi wa mbinguni: Muharram, Safar, mpaka Mfunguo Tatu. Hiyo ndiyo inayotupa Ramadhani, Idi na Maulidi. Ndiyo pia inayotwambia habari za maji. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, tunapata bamvua. Akina mama wanaolima mwani hapa Paje wanaijua vyema hesabu hiyo, maana maji yasipotoka sana hakuna kazi shambani. Lakini mwaka wa mwezi ni mfupi. Una siku 354 au 355.

Fanyeni hesabu hii:

365 − 354 = 11

Kwa hiyo kila mwaka Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi. Mara inakuja wakati wa joto, mara wakati wa masika, mara wakati wa kipupwe. Basi mkulima hawezi kusema, "Mimi nitapanda kila Rajabu." Mwaka huu Rajabu ni wakati wa mvua, baada ya miaka kumi na tano itakuwa ni wakati wa ukame.

Mkulima na baharia walihitaji kalenda ya tatu. Nayo ni hii ya Nairuzi. Inaanza Siku ya Mwaka, na siku zake huhesabiwa kwa makumi. Kila kumi moja huitwa mwongo. Mwaka una miongo 36, na siku 5 zinabaki:

36 × 10 = 360
360 + 5 = 365

Kwa hesabu ya miongo mtu aliweza kujua wakati wa kufyeka konde, wakati wa kupanda, wakati upepo unapogeuka, na wakati bahari inapofungwa. Manahodha wakubwa waliitegemea. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa Uarabuni aliyeandika vitabu vya ubaharia katika miaka ya 1400, alizitaja siku za kusafiri kwa kuhesabu kutoka Nairuzi. Alikuwa anajua siku ya ngapi chombo kinaweza kung'oa nanga, na siku ya ngapi nahodha akitoka ametafuta kuzama.

Sasa angalieni. Kalenda ya tatu ina tatizo moja dogo. Dunia inalizunguka jua kwa siku 365 na robo hivi. Kalenda ya ofisi hukusanya zile robo nne ikapata siku moja, ikaitia katika Februari. Kalenda ya Nairuzi haiongezi kitu. Inabaki na 365 zake. Kwa hiyo katika kila miaka 4 Siku ya Mwaka hurudi nyuma siku 1.

Siku moja katika miaka minne, mtu atasema, ni kitu gani? Haya, tuhesabu.

Miaka 4: siku 1.
Miaka 40: siku 10.
Miaka 80: siku 20.
Miaka 500: siku 125, yaani miezi minne na kidogo.

Katika zama za ibn Majid, zaidi ya miaka 500 iliyopita, Nairuzi ya mabaharia iliangukia mwezi wa Novemba. Toeni miezi minne katika Novemba. Mnapata nini? Mnapata Julai. Na ndio mwezi ambao Makunduchi wanakoga mwaka siku hizi. Hesabu imekubali. Watu wa kijiji, bila ya kompyuta, wameihifadhi hesabu kwa miaka mamia.

Huko Iran kwenyewe walifanya vyengine. Katika mwaka 1079 wataalamu wao wa nyota waliirekebisha kalenda ili Nairuzi isihame. Ndiyo maana leo Nairuzi ya Iran huwa tarehe 20 au 21 Machi, na ya Makunduchi huwa Julai. Ni ndugu wawili wa mama mmoja. Mmoja alitulia nyumbani, mwengine alisafiri.

5. KWA NINI HESABU HII INATUHUSU

Pengine mtu ataniambia: "Mwalimu, hayo ni ya wazee. Mimi nina simu, ina kalenda ndani." Sawa. Lakini sikiliza mfano huu.

Tuseme babu yako alikuwa na kanuni. Alisema, "Mvua ya vuli hufika siku ya 80 baada ya Siku ya Mwaka. Siku hiyo mtie mbegu." Kanuni ile ilikuwa sahihi kwa wakati wake. Sasa imepita miaka 40. Siku ya Mwaka imerudi nyuma siku 10, lakini mvua haikuifuata, kwa sababu mvua inafuata jua. Basi leo mvua ile ile itafika siku ya 90. Wewe ukishika maneno ya babu bila ya kuelewa, ukapanda siku ya 80, utakuwa umepanda mwongo mzima kabla ya wakati. Mbegu itakaa katika udongo mkavu. Panya wataila, ndege wataifukua, na njaa itakuwa ni ya kwako.

Wazee wenyewe hawakukosea, kwa sababu hawakutegemea hesabu peke yake. Walitazama nyota, walitazama miti inavyochipua, walisikiliza upepo, kisha wakaisogeza kanuni kidogo kidogo. Maarifa yao yalikuwa hai. Lakini hawakuyaandika. Mzee akifa, anakwenda nayo kaburini.

Hapa ndipo kisomo chetu kinapopata kazi. Wewe uliyehitimu unaweza kwenda kwa mzee ukamwuliza, ukaandika. Lakini andika vizuri. Usiandike tu "panda mwongo wa nane." Andika na mwaka ambao mzee alikwambia, andika na dalili anazozitazama, na andika ni konde la wapi, la uwanda au la udongo mzuri. Bila ya mwaka, maandishi yako baada ya miaka 40 yatamdanganya mjukuu wako.

Tena tukumbuke kwamba siku hizi mvua zenyewe zimekuwa hazitabiriki kama zamani. Kwa hiyo sikilizeni na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni. Maarifa ya mzee na taarifa ya redio si maadui. Mwenye macho mawili huona zaidi ya mwenye jicho moja.

6. WENZETU DUNIANI WANAFANYAJE?

Sasa tutembee. Tutaona kuwa Makunduchi si watu wa peke yao.

Iran. Jumanne ya mwisho kabla ya mwaka mpya, jioni, watu huwasha mioto midogo nje wakairuka. Huomba moto uwaondolee maradhi na uwape nguvu. Ndani ya nyumba hutandikwa kitambaa, na juu yake vikawekwa vitu saba ambavyo majina yake huanza na herufi ya sini. Siku ya kumi na tatu haifai kukaa ndani. Familia nzima hutoka na chakula kwenda kula nje, penye majani na maji. Katika mwaka 2009 Shirika la UNESCO liliiingiza Nairuzi katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, yaani urithi wa mila na maarifa.

Thailand. Mwaka mpya wao wa jadi huitwa Songkran, nao ni tarehe 13 mpaka 15 Aprili, wakati wa joto kali. Vijana huwaendea wazee wakawamiminia maji mikononi kwa adabu na kuomba radhi. Hayo ndiyo asili yake. Lakini siku hizi mitaani ni vita vya maji: ndoo, mipira na bastola za plastiki, na hapana anayerudi nyumbani mkavu. Ona, nao wanaukoga mwaka! Ila ipo hasara yake. Watu hulewa, wakaendesha pikipiki, na kila mwaka wengi hufa barabarani katika siku hizo.

Uhispania. Katika mji mdogo wa Buñol, karibu na Valencia, Jumatano ya mwisho ya Agosti watu hurushiana nyanya kwa muda wa saa moja. Hutumika zaidi ya tani 100. Mambo yalianza mwaka 1945 kwa ugomvi wa vijana karibu na meza ya mboga. Katika miaka ya 1950 wakubwa walikataza. Wananchi walifanya nini? Katika mwaka 1957 walifanya maziko ya nyanya: walilitia nyanya kubwa moja ndani ya jeneza, wakalibeba mtaani na muziki wa huzuni. Wakubwa wakalegea, na sikukuu ikaruhusiwa. Ipo kanuni: nyanya sharti uifinye kwanza kabla ya kuirusha, ili isiumize. Tangu mwaka 2013 anayeingia hulipa kiingilio na idadi ya watu imewekewa mpaka, kwa sababu wageni walikuwa wengi kuliko mji.

Italia. Katika mji wa Ivrea watu hupigana kwa machungwa, kabla ya Wakristo kuanza mfungo wao wa Kwaresima. Wengine wapo juu ya magari ya farasi, wengine wapo chini kwa miguu. Wale wa juu ni mfano wa askari wa mtawala dhalimu wa zamani. Wale wa chini ni mfano wa wananchi waliomwasi. Asiyetaka kupigwa huvaa kofia nyekundu.

Uskoti. Katika visiwa vya Shetland, ambako baridi ni kali na usiku wa Januari ni mrefu sana, watu wa mji wa Lerwick huunda jahazi la mbao kwa kufuata mfano wa vyombo vya mabaharia wao wa kale. Kazi huchukua miezi. Kisha Jumanne ya mwisho ya Januari hulizungusha mjini usiku kwa mienge, wakalitia moto lote likateketea. Kwa zaidi ya miaka mia moja wanaume peke yao ndio walioruhusiwa kuandamana katika vikosi vya mienge mjini humo. Katika mwaka 2023 wanawake wakaingia kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mila hubadilika, na bado ikabaki mila.

Wala tusisahau ya kwetu. Ndugu zetu wa Pemba wana mchezo wa ng'ombe, ulioachwa na Wareno. Huko Uhispania ng'ombe huuawa uwanjani. Pemba hauawi. Mpemba amechukua mchezo wa mgeni akauondoa damu.

7. TUMEJIFUNZA NINI?

Tukizitazama sikukuu hizi zote tunaona mambo matatu.

La kwanza, kila penye vita pana kanuni. Nyanya hufinywa, mtu wa kofia nyekundu hapigwi, na silaha ya Makunduchi ni mgomba. Kanuni ikivunjwa, sikukuu inageuka fujo. Kijana anayeingia uwanjani na gongo au jiwe hamalizi ugomvi, anauanza. Wazee na sheha wana haki ya kumtoa. Hali kadhalika moto. Kibanda cha makuti huwaka kwa dakika chache, na Julai ni wakati wa kusi. Watoto wakae mbali.

La pili, sikukuu hukusanya watu waliotawanyika. Mtoto aliyeko mjini, aliyeko Dar es Salaam, au aliyeko Maskati, anajua kuwa siku fulani anangojewa nyumbani.

La tatu, sikukuu ina wenyewe. Wageni ni heri, na fedha zao zinasaidia. Muuza maandazi anauza, mwenye gari anapata abiria. Lakini mama anayeimba si mnyama wa kupigwa picha bila ya ruhusa. Mgeni afundishwe kuuliza kwanza. Na wenyeji wenyewe wajue kwa nini wanapigana na kwa nini wanachoma. Wasipojua, watabaki wakiwachezea wageni, na maana itakuwa imeondoka.

Wapo Waislamu wenzetu wanaosema kwamba ada hizi, hasa ya kubashiri kwa moshi, haziko katika dini. Wapo wanaojibu kwamba hizo ni desturi za mji tu, na kwamba kumaliza ugomvi na kulisha mgeni ni jambo jema. Mazungumzo hayo yapo, na si kazi ya somo hili kuyahukumu. Mnaweza kuyazungumza kwa heshima, bila ya kutoana makosa.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mwongo: kumi la siku katika hesabu ya Nairuzi. Wingi wake ni miongo.
Nairuzi: siku ya kwanza ya mwaka kwa hesabu ya Kiajemi, siku mpya.
Kubashiri: kusema mapema litakalotokea.
Kinyongo: hasira au chuki iliyofichwa moyoni.
Bamvua: wakati maji ya bahari yanapojaa sana na kutoka sana.
Dhalimu: mtu anayeonea wengine.

MASWALI

1. Kwa nini wanaume wa Makunduchi hupigana kwa magome ya migomba na si kwa magongo?
2. Mwaka wa Nairuzi una miongo mingapi, na siku ngapi zinabaki?
3. Kwa nini mkulima hawezi kupanda kwa kufuata miezi ya Kiislamu peke yake?
4. Mzee mmoja ana miaka 60. Siku ya Mwaka imerudi nyuma siku ngapi tangu azaliwe?
5. Wiki ina siku 7. Gawanya 365 kwa 7. Inabaki ngapi? Basi, kama Siku ya Mwaka imeanguka Jumatano mwaka huu, mwakani itakuwa siku gani?
6. Watu wa Buñol wameweka kiingilio. Je, ingefaa Makunduchi nao wafanye hivyo? Toeni sababu za kukubali na sababu za kukataa.

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja amwendee mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, mkulima au mvuvi. Aulize mambo manne: Unahesabuje miongo? Unatazama dalili gani kabla ya kupanda au kwenda baharini? Ulifundishwa na nani? Mambo gani yamebadilika tangu ujana wako? Andika majibu katika daftari, na juu yake uandike tarehe na mwaka. Kama mzee hataki jina lake liandikwe, usiliandike. Ukimaliza kuandika, msomee mwenyewe asikie, akusahihishe.

Majibu ya hesabu: swali la 2, miongo 36 na siku 5; swali la 4, siku 15; swali la 5, inabaki 1, kwa hiyo mwakani ni Alkhamisi. Majibu ya maswali mengine mtayapata katika mafungu mliyoyasoma, ila la 6 mtaliamua nyinyi wenyewe.